MAARIFA KWA WENYE MOTOKAA: KUZIBA KARAI LA OILI

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo ni kweli, wala sina ubishi nalo. Lakini juma hili nataka kuwaelezeni jambo ambalo wahenga hawakulitaja, labda kwa sababu kila mtu wa zamani alilijua: ya kwamba kuziba nako kuna namna yake, na ufa uliozibwa kwa pupa waweza kumgharimu mwenye nyumba kuliko ufa ulioachwa wazi. Mimi nilijifunza jambo hilo alfajiri moja kando ya barabara, kati ya Naivasha na Gilgil, mama yangu akiwa ameketi juu ya mkoba wake majanini, na motokaa yangu imekufa.

Motokaa yenyewe ni Toyota Probox, aina iliyoanza kutengenezwa huko Japani mwaka 2002, na ambayo hapana mtu katika Kenya asiyeijua, maana huonekana kila njia ikiwa imebeba maziwa, miraa, magunia ya viazi, au walimu waendao shuleni. Niliinunua ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi. Ilikuwa na kasoro moja tu: kila asubuhi niliona matone matatu au manne ya oili juu ya saruji, mahali ilipolala. Matone matatu si kitu, nilisema moyoni. Baada ya miezi michache matone yale yalikuwa doa lenye ukubwa wa sinia, na kila juma mbili nililazimika kuongeza oili.

Kwa ajili ya wale ambao hawajapata kuchungulia chini ya gari, yafaa nieleze kwanza habari ya chombo hiki. Chini kabisa ya injini kuna karai la bati au la alumini, na mafundi wetu huliita sampu. Ndani yake hukaa oili yote ya injini wakati gari limesimama. Katika injini ndogo ni lita tatu hadi nne. Gari likiwashwa, pampu huivuta oili hiyo kupitia chujio la wavu lililozama karaini, huisukuma juu katika mifereji myembamba, na ikiisha kazi yake hutiririka na kurudi karaini tena. Mhimili mkuu wa injini, ambao mafundi huuita krenki, huzunguka mara elfu mbili au tatu kwa dakika gari liwapo safarini. Wala haupasi kugusana na vyuma vinavyoushika. Huelea juu ya utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele wa kichwani. Utando huo ukikosekana, chuma husagana na chuma, na injini iliyodumu miaka 15 hufa katika dakika chache.

Karai hilo hufungwa kwenye tumbo la injini kwa bolti ndogo ndogo nyingi, na katikati ya vyuma viwili hapana budi kuwe na kitu cha kuzuia oili isipenye. Zamani kitu hicho kilikuwa gasketi ya koki, nayo koki ni gome la mti uotao kwa wingi katika nchi ya Ureno. Siku hizi injini nyingi, na ile ya Probox ni mojawapo, hazina gasketi ya kukatwa mahali hapo. Huzibwa kwa silikoni, dawa nzito kama dawa ya meno, itokayo katika mrija na kugeuka mpira ikiisha kushika. Asili yake ni silika, ile ile iliyomo katika mchanga. Jina la silikoni alilianzisha mtaalamu wa kemia wa Uingereza, Frederic Stanley Kipping wa Nottingham, mwanzoni mwa karne ya 20. Na mwaka 1943, vita vikiendelea, kampuni ya Dow Corning iliundwa huko Marekani ili kuitengeneza silikoni kwa wingi. Faida yake ni kwamba hustahimili moto. Oili ya injini hufika digrii 100 hivi, lakini silikoni njema huvumilia digrii 200 na zaidi bila kuharibika.

Sasa nirudi kwenye hadithi yangu. Siku ya Jumatano ilifika habari kwamba mjomba wangu amefariki kwetu upande wa Kakamega, na kwamba atazikwa Jumamosi. Wasomaji mnajua mjomba ni nani. Huyu ndiye aliyeuza ng'ombe wake ili nimalize masomo ya sekondari. Mama yangu alikuwa kwangu Nairobi kwa matibabu, na ilinipasa nimpeleke akamzike ndugu yake. Basi siku ya Ijumaa adhuhuri nilipeleka motokaa kwa fundi mmoja, mzee aliyefanya kazi ya jua kali tangu ujana wake, ili azibe karai. Jioni saa kumi na mbili nilirudi, nikaikuta iko tayari, imeoshwa hata magurudumu. Nilichutama nikatazama chini. Hapakuwa na tone hata moja. Silikoni nyeusi ilikuwa imefurika nje pande zote za karai, mnene kama kidole changu kidogo, nami nikafurahi nikidhani kwamba wingi ule ni ukarimu.

Tuliondoka saa nane za usiku: mimi, mama, binamu yangu na mkewe. Tulipoipita Naivasha niliona mwanga mwekundu katika dashibodi, ile taa yenye mfano wa birika lililo na tone mdomoni. Iliwaka tulipokata kona, ikazimika. Ikawaka tena, ikazimika. Kisha ikawaka isizimike. Binamu yangu alisema, "Ndugu yangu, simama." Nikamjibu, "Gilgil ni hapo tu, tukifika tutatazama." Nilikwenda kilomita kama saba hivi. Ndipo tuliposikia sauti kama mtu apigaye debe kwa nyundo, mara moja, mara tatu, kisha mfululizo. Na injini ikakwama, gari likasimama lenyewe.

Mama hakunilaumu. Alishuka, akajifunga leso yake vizuri kwa sababu ya baridi, akaketi juu ya mkoba. Nilipokwenda kumwambia kwamba tutapata matatu na kwamba huenda tukawahi, alinitazama akasema, "Mwanangu, mjomba wako hazikwi mara mbili." Tulifika saa kumi na moja jioni. Kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa, na watu wanakunja mahema.

Juma lililofuata gari lilikokotwa hadi Nairobi. Mimi ni karani, na silaha ya karani ni barua. Nilikuwa nimekwisha kuandika barua ya madai, kurasa mbili, kila aya na nambari yake, nikaitia mfukoni nikaenda nayo karakana. Nilimtaka yule mzee afungue karai mbele yangu. Alifungua bila neno. Oili iliyotoka haikufika lita mbili, maana nyingine ilikuwa imevujia njiani. Na lile chujio la wavu lilikuwa limevikwa vipande vyeusi vya silikoni, vingine virefu kama tambi, hata pasionekane tundu la kupitisha oili. Hapo nilianza kusema kwa sauti kubwa mbele ya wateja wake. Nilisema maneno ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kumwambia mtu wa umri wake.

Mwanafunzi wake, kijana wa miaka 19 hivi, alikuwa anafuta spana. Aliinua kichwa akasema, "Lakini Bwana, siku ile Mzee hakukwambia gari lilale hapa?"

"Nyamaza wewe," mzee alimwambia.

Wasomaji, hapa yanibidi niungame neno ambalo nimewaficha tangu mwanzo. Kijana yule alisema kweli. Nilipolipeleka gari Ijumaa ile, mzee aliniambia, "Kijana wangu, kazi hii yataka gari lilale. Dawa haina budi kushika kabla ya kutiwa oili." Nami nilimjibu kwamba nina matanga, na kwamba kama hawezi kumaliza jioni aniambie nitafute fundi mwingine. Mzee yule alikuwa na watoto wa kulisha kama mimi, na siku ile hakuwa na kazi nyingine. Alikubali. Aliitia oili saa moja haijatimia tangu kupaka silikoni.

Nilinyamaza. Mzee ndiye aliyesema, "Kosa si lako peke yako. Nilijua wakati hautoshi, nikatia silikoni nyingi, nikidhani wingi utafidia wakati. Haufidii. Na taa je? Taa ilipowaka ulisimama?" Nikasema sikusimama. Akatikisa kichwa, akaendelea kufuta chujio.

Basi tulipatana hivi. Mimi nilinunua injini nyingine iliyotumika, kwa mkopo wa chama cha ushirika ambao ulinichukua miezi 18 kuulipa. Yeye aliifunga bila kudai ujira. Nami niliomba jambo moja, kwamba kabla haijafungwa, karai la injini ile lizibwe upya, na kwamba mimi niwepo, nishike spana kwa mkono wangu. Yafuatayo ndiyo aliyonifundisha. Nayaandika kwa mpango ili yamfae kila mwenye gari, hata kama hatalifanya yeye mwenyewe, maana mtu ajuaye kazi inavyopasa kufanywa hatamharakisha fundi wake kipumbavu.

Kwanza, hakikisha kwamba ni karai livujalo. Oili hutiririka kutoka juu kwenda chini, na karai likiwa chini ya vyote hulaumiwa kwa makosa ya wengine. Huenda ikawa inavuja kwenye kifuniko cha juu cha injini, au kwenye filta, au kwenye kizibo cha kumwagia oili ambacho washa yake imechoka, au kwenye sili za krenki za mbele au za nyuma. Osha injini, ikaushe, nyunyiza poda nyeupe ya kujipaka pande zote zinazoshukiwa, endesha gari mwendo mfupi, kisha tazama poda imelowa wapi kwanza.

Pili, ulinde uhai wako. Gari liinuliwe mahali pa tambarare penye saruji, magurudumu yakingwe, na chini yawekwe stendi madhubuti za chuma. Asilale mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililoegemezwa juu ya mawe. Oili imwagwe ikiwa na uvuguvugu, si ya kuunguza, nayo ikusanywe katika mtungi. Kuimwaga mtaroni ni kuitia sumu katika maji ya wenzako walio chini ya mto.

Tatu, karai litolewe kwa upole. Bolti zikiisha kutoka, karai huendelea kushikamana kwa sababu ya silikoni ya zamani. Mtu mwenye pupa hupigilia bisibisi katikati ya vyuma viwili, na hapo huacha kovu katika alumini ambalo litavuja daima. Mzee alitumia kisu chembamba kipana, akakipenyeza kidogo kidogo kuzunguka, na nyundo ya mpira akagonga ubavuni mwa karai mpaka likaachia. Kisha alililaza karai juu ya ubao, akaupima ukingo wake kwa rula ya chuma. Palipokuwa na matundu ya bolti, bati lilikuwa limevimba juu kidogo, kwa kuwa mtu fulani zamani alikaza kwa nguvu nyingi. Aliligonga taratibu mpaka likanyooka. Karai la bati lililopinda haliponi kwa silikoni hata ikiwa mrija mzima.

Nne, usafi. Hii ndiyo nusu ya kazi yote, na ndiyo hurukwa kuliko zote. Silikoni ya zamani lazima itoke yote, maana mpya haishikamani na ya kale. Juu ya alumini tulitumia vijiti vya plastiki ngumu na mbao, si patasi. Mzee alinikataza kabisa kutumia msasa au gurudumu la kusugulia la umeme: chembe zake huingia katika oili, na oili huzipeleka kwenye beringi, nazo husaga chuma kama unga wa jiwe. Tulisafisha na matundu ya bolti, kwa sababu oili iliyobaki humo huchuruzika na kulowesha mahali palipokwisha kusafishwa. Chujio tulilitoa, tukaliosha, tukalitazama kwenye mwanga wa jua. Mwisho alipangusa kingo zote mbili kwa dawa ya kusafishia breki, akapangusa tena kwa kitambaa cheupe, na tena, mpaka kitambaa kikatoka cheupe kama kilivyoingia. Gari ambalo injini yake imo ndani hudondosha oili kutoka juu kwa muda wa saa kadhaa. Basi yafaa kuliacha lidondoke, na kupangusa mara ya mwisho dakika ile ile ya kupaka.

Tano, chagua silikoni iliyo ya injini. Dukani kuna mirija mingi iliyofanana. Iliyo kwa ajili ya madirisha na vyoo mara nyingi hunuka siki ikifunguliwa, na siki hiyo hula chuma. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya injini, kwamba yastahimili oili, na kwamba haidhuru vihisio vya gari. Tazama tarehe yake pia. Mrija uliopitwa na wakati waweza kutoka laini na mzuri, lakini hautashika kamwe. Na ikiwa injini yako ni ya namna ile iliyo na gasketi ya mpira au ya koki, usiipake silikoni juu yake kwa kudhani kwamba viwili ni bora kuliko kimoja; gasketi huteleza na kuchomoka. Tia tone pale tu ambapo kitabu cha watengenezaji kimeagiza.

Sita, kupaka. Mzee alikata ncha ya mrija ndogo, akapitisha mstari mmoja usiokatika, wenye unene wa milimita tatu hivi, kuzunguka ukingo wote wa karai, na kila alipofika penye tundu la bolti aliuzungusha kwa upande wa ndani. Pale ambapo vipande viwili vya injini hukutana aliongeza kidogo, kwa kuwa pana pengo dogo. Nilimwambia mstari ule ni mwembamba mno. Akanijibu, "Ukibana vyuma viwili, dawa hukimbilia wapi? Nusu hutoka nje, ukaiona ukafurahi. Nusu huingia ndani, wala huioni. Iliyoingia ndani ndiyo iliyoua injini yako." Tangu siku hiyo, nionapo silikoni imefurika nje ya karai la gari la mtu, huwa sioni ukarimu tena.

Saba, kufunga. Silikoni huanza kufanya ngozi juu yake baada ya dakika chache, basi bolti zote ziwe zimepangwa tayari kabla ya kufungua mrija. Karai lipandishwe moja kwa moja bila kuburutwa kushoto wala kulia. Bolti zote zitiwe kwa vidole kwanza, kisha zikazwe kidogo kidogo, kuanzia za katikati na kuvuka upande wa pili, mpaka za mwisho. Bolti hizi ni ndogo, za spana nambari 10, nazo kwa kawaida hazitaki nguvu kubwa: ni kama uzito wa kilo moja ulioning'inizwa mwishoni mwa mkono wa urefu wa mita moja, ingawa kipimo cha hakika ni kile cha kitabu cha gari lako. Aliye na spana ya kupimia nguvu aitumie. Asiye nayo akumbuke kwamba bolti ikikatika ndani ya alumini ni kazi ya siku nzima kuitoa.

Nane, kungoja. Silikoni hii haikauki kama rangi ikaukavyo. Hushika kwa kunywa unyevu uliomo hewani, kuanzia nje kuelekea ndani, na katika saa 24 unyevu huo hupenya kiasi cha milimita mbili au tatu. Ndiyo sababu mtu wa Mombasa, penye hewa nzito ya bahari, huona dawa yake ikishika upesi kuliko mtu wa Turkana wakati wa kiangazi. Na ndiyo sababu mstari mnene hubaki mbichi ndani hata kama nje umekuwa mgumu. Mara nyingi watengenezaji wa magari huagiza kwamba oili isitiwe mpaka saa mbili au zaidi zimepita, na maandishi ya mrija mara nyingi hutaja saa 24. Fuata muda ulio mrefu. Sisi tulililaza gari usiku kucha na mchana wake.

Tisa, kujaribu. Washa mpya kwenye kizibo, filta mpya, oili ya kipimo. Injini ikiwashwa, taa nyekundu yapasa kuzimika katika sekunde chache. Acha injini iunguruме kidogo, kisha uizime, uchungulie. Na ukague tena baada ya siku mbili au tatu za safari.

Na juu ya taa hiyo, nawaombeni mnisikilize. Haisemi kwamba oili inakaribia kwisha, kama vile kipimo cha petroli kisemavyo. Yasema kwamba nguvu ya kuisukuma oili haipo, na kwamba wakati ule ule vyuma vinasagana. Simama hapo hapo, uzime injini, hata kama mji uwaona kwa macho yako. Kilomita zangu saba zilinigharimu miezi 18.

Injini ile ya pili ingali nayo, na saruji ya mahali ilalapo ni kavu. Yule mzee ndiye fundi wangu hata leo. Nilirudi kwake siku moja akiwa na wateja, kama siku ile nilipomtukana, nikamwomba radhi mbele yao, kwa sababu tusi lililosemwa hadharani halifutwi faraghani. Alicheka, akaniambia nimshikie taa. Barua yangu ya kurasa mbili ningali nayo katika faili, wala sikuitia sahihi. Huisoma pindi ninapoletewa malalamiko ya wananchi mezani pangu, nikataka kujibu upesi upesi ili nipunguze rundo.

Mama yangu alipona, akarudi Kakamega. Kila nimpelekapo kaburini kwa mjomba, hutangulia kuniuliza tukiwa bado Nairobi: "Gari limelala?" Nami humjibu, "Limelala, Mama." Ndipo huingia.

Kwa leo nakoma hapa. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaeleza habari ya maji ya rejeta, na kwa nini yule afunguaye kifuniko chake kikiwa cha moto huunguza uso.